Dawa Iliyomwagwa Nduguti

Luciana aliiona kwa macho yake dawa ya mumewe ikimwagwa kwenye sinki, na hakupiga kelele. Alipiga makofi.

Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeingia Nduguti, na mumewe, Eliya, alilala kwenye kituo cha afya shingo imekakamaa kama gogo. Miaka hiyo kila mwenye mtaji alikuwa amefungua duka la dawa, na sindano za bandia zilishaua watu. Ndiyo maana mganga wa kituo, Mathayo, alikuwa na amri moja: sindano yenye ukungu haimgusi mgonjwa. Dawa mpya ya mradi wa kupambana na homa hiyo ilipoletwa, akaichanganya, ikawa nyeupe kama maji ya mchele.

"Wametuletea uchafu," akasema, akamwaga chupa zote. Ndugu wa wagonjwa wakamshangilia.

Kesho yake akafika daktari wa mradi kutoka Singida mjini. Aliposikia, akashika kichwa.

"Ule weupe ndiyo dawa yenyewe! Ni chembe za mafuta, ndogo hazionekani kwa jicho, zimebeba dawa tumboni mpaka penye ugonjwa. Si tulieleza yote kwenye semina?"

"Semina gani?" Mathayo akauliza.

Luciana alitaka kumrukia Mathayo, lakini swali lile likamzuia, akaelewa. Semina ilikuwa na posho, na penye posho anayechoma sindano haalikwi. Nafasi ya kituo aliichukua Melkiori wa kamati ya afya, ambaye hajawahi kushika sindano hata ya kushonea. Alikula, akalala gesti, akarudi kimya. Mlafi asiye na haya!

Dawa nyingine haikuwepo. Eliya akafa siku hiyo hiyo.

Msibani Mathayo alisimama mlangoni, hajui akae wapi. Luciana akamsogezea kigoda. Kisha akaingia Melkiori, kifuani fulana ya semina yenye maandishi makubwa: DAWA INAJUA NJIA.

"Pole sana, shemeji. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Mungu usimsingizie. Kwani ni Mungu aliyekula posho? Vua fulana hiyo."

"Shemeji, mbele za watu?"

"Mbele za watu hawa hawa. Vua!"

Hakuna aliyemtetea. Melkiori akaivua, akaondoka kifua wazi, upepo wa Singida ukimchapa. Luciana akaitupa fulana jikoni, na wanawake wakaitumia kuepulia sufuria ya maharage.