Mshumaa wa Widad

Sawsan ndiye aliyetaka niwashe mimi. "Shangazi, si wewe uliyewasha mishumaa yangu? Basi washa na ya mwanangu, apate bahati kama mimi." Nikasema sawa. Ningesemaje?

Hapa Zifta mtoto akifikisha siku saba tunaweka mishumaa kwenye sinia, kila mmoja na jina lake. Yote huwashwa pamoja huku tukimgongea mtoto kinu sikioni, na utakaokawia kuzimika ndio unaompa mtoto jina. Miaka ishirini na saba iliyopita niliwasha mitatu kwa ajili ya huyu Sawsan, binti wa kaka yangu Shukri. Mmoja ulikuwa na jina la mama yangu, Sawsan, aliyetutoka mwaka ule ule. Mwingine ulikuwa wa Widad, mama yake wifi yangu Nagat, naye marehemu. Wa tatu ulikuwa wa kujaza sinia tu.

Mimi sikujaliwa mtoto, na nilitaka mno kusikia jina la mama likiitwa tena nyumbani. Tena niseme kweli, Nagat sikumpenda. Mgeni wa Port Said, nyumba inanuka samaki kila siku, leo aje atuzikie jina letu? Basi asubuhi ile niliupasua mshumaa wa Widad kwa kisu cha moto, nikachomoa kipande cha utambi, nikaziba kwa nta. Uliwaka kidogo ukafa. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikawashinda wote kwa sauti.

Sawsan sasa ni mwalimu, na jina lake analipenda kupita kiasi. Alikuwa ameketi na kichanga mapajani, akiwasomesha wageni.

"Mnadhani ni la Kiarabu tu? Lilikuwa jina la ua la majini, hapa hapa kwenye Nile, enzi za mafarao! Wayahudi wakalichukua wakasema Shoshana, Wazungu nao wakapata Suzana wao. Limezunguka dunia nzima, likarudi Zifta kunitafuta mimi."

"Limekutafuta au lilipotea njia?" akadakia jirani mmoja, wakaangua kicheko.

Mimi nilicheka mdomo tu. Halikumtafuta. Nililiburuta mimi.

Nikaenda jikoni kuchukua sinia. Nagat alikuwa akikoroga mughat ya kumnywesha mzazi. Niliona mishumaa mitatu: Malak, Hanin na Tahani.

"Wifi, wa mama yako uko wapi?"

"Widad? Aa, huyo mwache. Alishakataa mara moja."

"Alikataa nini?"

"Wifi nawe! Mshumaa wake si ulizimika hata hatujamaliza kugonga kinu?" Aliendelea kukoroga bila kunitazama. "Mama aliniita akiwa mahututi. Nikasema nitakwenda kesho, leo nina nguo za kufua. Kesho yake nikamkuta kwenye sanda. Mshumaa ulipozimika nikajua hajanisamehe. Nimeswali, nimetoa sadaka, kila Iddi niko kaburini kwake. Lakini kumwomba jina tena? Sithubutu."

Miaka yote hiyo nilidhani nimeiba jina. Kumbe nilimwibia mtu msamaha wa mama yake. Na mimi naitwa Insaf, maana yake uadilifu. Niliona haya hata kuitwa hivyo.

"Nagat," nikasema, bila kumwita wifi. "Mama yako hakukataa kitu. Ni mimi. Niliukata utambi."

"Uliukata vipi?"

Nikamweleza yote, kisu na nta. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Mughat ilifurika ikazima moto, wala hakuifuta.

"Kwa hiyo nililia bure," akasema. "Na wewe ukinipa leso nijifute."

Kweli, nilimpa leso. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Nikamwambie Sawsan?"

"Thubutu! Humsikii anavyolisema jina lake? Usimharibie. Hili utakaa nalo mwenyewe, kama nilivyokaa na langu."

Akafungua droo, akatoa mshumaa wa nne na kuusimamisha kwenye sinia. Akaukagua kuanzia juu hadi chini, kisha akanikabidhi kiberiti.

Niliwasha mbele ya wageni wote. Nagat alisimama bega kwa bega nami, akiitazama mikono yangu. Hanin ulizimika kwanza, kisha Tahani. Miwili iliyobaki iliwaka mpaka wageni wakachoka kusimama wakaketi. Mwishowe ule wa Widad ukayumba ukazimika, ukabaki wa Malak.

"Malak!" akapaza sauti Sawsan, na vigelegele vikaanza.

"Umekaa," Nagat akasema, machozi yakimchuruzika. "Mmeona wa Widad ulivyokaa?"

Hakuna aliyemwelewa ila mimi. Nikatoa leso mfukoni, nikamnyooshea. Akaitazama, kisha akajifuta kwa kiganja.