Machela ya Wageni

Tangu jana jioni Zita alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na asubuhi hii mkono wa mtoto ukatangulia. Mama yake, Lukresia, aliyezalisha nusu ya kijiji, alitoka nje akamwambia mwanawe Fulgence kwamba kazi imemshinda, ampeleke mdogo wake hospitali, Mbamba Bay.

Fulgence alikimbilia machela. Yeye ndiye aliyewaongoza wabebaji wa kujitolea, wanaume wanne wasiolipwa hata chumvi. Kila safari ndiye aliyeshika mti wa mbele na kuanzisha wimbo. Wimbo wenyewe haukuwa wa starehe. Wakibeba mgonjwa waliimba, ili wenye nyumba za njiani wasikie na kutoka kupokea mabega yaliyochoka. Wakibeba maiti walinyamaza. Mwambao mzima ulilijua hilo.

Aliikuta machela mbele ya ofisi, imetandikwa shuka jeupe, miti imezungushiwa maua mekundu. Katibu kata, Ndugu Cuthbert, mtu wa kuletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa akiipangusa vumbi. Watalii walioshuka melini walikuwa njiani kuja kuona kijiji cha ujamaa kinavyojihudumia.

"Ndugu Katibu, Zita anakufa. Mtoto amekwama."

"Mgonjwa wa maonyesho nimeshampata. Placidi wa duka la ushirika atalala. Mkizunguka uwanja mara moja, ichukueni."

"Basi tumbebe huyu wa kweli. Wamwone."

"Waone damu? Wametoka mbali kuona maendeleo, Fulgence. Ukiniharibia, kamati itakujadili, wewe na shamba lako."

Mwaka uliopita kina Fulgence walihamishwa kutoka juu milimani, Kingerikiti, na mashamba ya huku ziwani yaligawiwa na kamati. Fulgence akaenda kuwaita wenzake. Alijichukia kwa kutii, lakini alitii.

Wageni walichelewa. Jua lilipanda, Lukresia akatuma watu kuuliza, kisha akatuma tena. Hatimaye Landrova ikafika na hotuba ikasomwa. Placidi, mzima kabisa, akalala kwenye shuka jeupe akijikaza asicheke. Fulgence aliimba. Walizunguka uwanja, wakazunguka tena, kwa kuwa mama mmoja wa Kizungu alikuwa bado anabadilisha filamu.

Walipoachiwa walitoka mbio. Walimlaza Zita kwenye shuka lilelile, maua hakuna aliyekumbuka kuyafungua, wakaishika njia ya Mbamba Bay. Fulgence aliimba mpaka koo likakauka. Kabla hawajafika mtoni, Lukresia, aliyekuwa akitembea ameushika mkono wa binti yake, aliuachia. Akavua khanga ya begani, akamfunika Zita uso.

Wimbo ukakatika. Wakageuza machela, wakaanza kurudi.

Hawakufika mbali, Landrova ikatokea mbele yao, inawarudisha wageni melini. Ilisimama. Kamera zikachungulia madirishani.

"Mbona kimya?" Cuthbert aliuliza kutoka kiti cha mbele, kisha akaiona khanga. Aliitazama, akageuka akawatazama wageni wake, waliokuwa wakitabasamu wakisubiri.

"Imbeni," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Fulgence aliona aibu kuliko alivyopata kuona maishani. Akafungua kinywa, akaimba.

Kwenye shamba la mihogo kando ya njia, wanaume wawili walisikia. Wakatupa majembe, wakaja mbio huku wakikunja mashati kuyaweka mabegani.

"Mnaelekea wapi, jamani?" mmoja alisema, akaukamata mti wa machela kuugeuza. "Hospitali iko huku."