Mgongo wa Lorraine

Kwa wiki saba Beverley Ackroyd aliijua ngoma yake yote, kuanzia hatua ya kwanza hadi busu la mwisho, mradi mgongo wa Lorraine uwe mbele yake.

Yeye mwenyewe hakulijua hilo, na hatari iko hapo. Mtu asiyejua, naye anajua kwamba hajui, utamsaidia. Lakini Beverley kila Jumanne jioni alipanda ngazi za klabu ya wafanyakazi, akavua koti na viatu vya mvua, akasimama mstari wa nyuma katika kile chumba chenye kioo ukuta mzima. Muziki ukipigwa alikata kiuno, akatikisa mabega, akavua glavu ambazo hakuzivaa, kidole kimoja kimoja, wala hakukosea sana. Akirudi nyumbani humwambia binti yake Kayleigh, "Leo nimeitoa yote, mama. Yote!"

"Haya nionyeshe."

"Nimechoka sasa. Na hii sufuria nani kaiacha hapa?"

Ngoma yenyewe ni burleski. Anayeisikia kwa mbali hudhani ni kuvua nguo tu. Kuvua nguo kila mtu anavua. Kazi ni kuvua glavu moja kwa dakika nzima na watu wasipige miayo. Na ngoma ikiisha, wanawake wale wanane, mmoja wa benki, mmoja nesi, wengine wa madukani, walibaki na korseti za kubana kiuno na chupi pana za kufika kitovuni, wamejisitiri kuliko watu wa ufukweni.

Mwalimu wao jukwaani aliitwa Madam Dolores, na kwa daktari aliitwa Janice. Alicheza miaka thelathini mpaka magoti yakamkataa, sasa anafundisha akiwa amekaa juu ya kiti kirefu, fimbo mkononi ya kugonga sakafu.

"Nyie upande wa kulia!" alifoka kila wiki. "Mbona mnachelewa kama basi la Jumapili? Wenzenu wamefika nane, nyie mko sita!"

Upande wa kulia walikuwa wawili, Lorraine mbele na Beverley nyuma yake. Lorraine ni mke wa mwenye bucha, mrefu, nywele nyekundu za kupaka, nyumba yake imeungana ukuta na ya Beverley. Mwalimu akifoka, Beverley alidhani anasemwa Lorraine, na Lorraine alidhani anasemwa Beverley.

Zikabaki wiki tatu. Onyesho lilipangwa Jumapili alasiri, kuchangia paa la klabu, na Kayleigh alishanunua tiketi nane, moja yake, moja ya bibi yake, nyingine za akina mama wa duka la mikate alikofanya kazi Beverley. Jumanne hiyo mwalimu akawashusha chini wakajaribu kwenye jukwaa lenyewe.

Muziki ukaanza. Nane ya kwanza, yaani hesabu ya hatua nane, ikaenda. Nane ya pili Lorraine akasimama wima kama mlingoti, mkono mmoja hewani. Beverley naye akasimama wima, mkono mmoja hewani.

Mwalimu akazima muziki. "Lorraine, kulikoni?"

"Kioo kiko wapi?"

"Kioo cha nini, bibie? Watu wanalipa wakuone wewe, hawalipi ujione."

"Sijioni mimi. Namwona Bev."

"Mimi?" Beverley akashusha mkono. "Unaniangalia mimi? Mimi nakuangalia wewe!"

"Usinitanie!"

"Wiki saba nakuangalia wewe!"

Wenzao wakacheka mpaka nesi akajishika mbavu. Mwalimu hakucheka. Aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili.

"Wiki saba," alisema. "Kipofu kamshika kipofu mkono, na mimi huku nawapigia muziki. Sikilizeni. Jumanne ijayo navuta pazia juu ya kioo, na kila mtu atacheza peke yake. Kati yenu mmoja lazima awe paka. Nilikuwa naogopa kumchagua. Sasa mtajichagua wenyewe."

Paka ni yule anayetokea ngoma ikiendelea, masikio ya manyoya kichwani na mkia nyuma, anaokota glavu na majoho yaliyotupwa ili wachezaji wasiteleze. Ni kazi ya heshima, bila paka onyesho haliendi. Lakini Beverley alikuwa ameokota nguo sakafuni miaka ishirini na sita, soksi za mume, suruali za wavulana wawili, na za Kayleigh zisizo na idadi. Watu wanane waje na tiketi kumtazama akiokota tena? Hapana. Afadhali augue.

Basi akaanza kujifunza kile alichodhani anakijua.

Aliandika karatasi akaibandika kwenye friji: moja mbili kiuno, tatu nne bega, tano geuka. Akiisoma, miguu imesimama. Akichezesha miguu, karatasi haioni. Akahesabu akipiga pasi, akaunguza kola. Akahesabu dukani. Mama mmoja akaomba mikate midogo kumi na miwili, Beverley akatia saba, nane, akarudi moja, mbili.

"Bev, kipenzi, umenipa ishirini."

"Samahani. Ni ile nane inanirudisha."

Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, alisimama jikoni akaanza tangu mwanzo. Nane ya tatu ikampotea. Akaanza tena. Nane ya tatu ikampotea mahali palepale, kama mtu anayekosa ngazi ileile kila akishuka. Soseji zikaungua. Akakaa kwenye kiti akalia kwa hasira, siyo kwa huzuni.

"Nina miaka hamsini na moja! Najua tarehe za chanjo zenu zote, najua namba ya simu ya shule mliyomaliza zamani, na nane ya tatu hainikai!"

Kayleigh alikuwa mlangoni, anatafuna mkate. "Mama, hapo ulikuwa unavua nini?"

"Glavu."

"Glavu gani? Sioni glavu."

"Ziko kabatini. Satini ile, nitaichafua na mafuta."

"Kwa hiyo wiki zote hizi unavua hewa. Hewa itakwambiaje umefika wapi? Zivae."

"Usinifundishe, nilikuzaa juzi tu."

"Zivae, mama!"

Akazivaa, ndefu mpaka juu ya viwiko, akavaa na joho na mshipi wake. Nane ya tatu ikafika, ikampotea kama kawaida, akatazama mikono yake kwa hasira. Kushoto wazi. Kulia bado glavu ipo. Basi ni ya kulia, kuna lingine? Akaing'ata ncha ya kidole akaivuta. Glavu zikiisha kulikuwa na mshipi, na mshipi ukiisha kulikuwa na joho. Mara nne alicheza, na mara zote nne alikosea hatua lakini hakupotea njia. Wakala soseji zilizoungua.

Jumanne, kwenye ngazi, Lorraine akamshika kiwiko.

"Shoga, zamu yangu ikifika, simama kule mlangoni unionyeshe kidogo tu. Kidole tu, kushoto, kulia, basi."

"Mwalimu ataona."

"Ataona nini naye anahangaika na redio yake? Bev, nimewaalika dada zangu kutoka Bradford. Siwezi kuvaa mkia mbele ya dada zangu."

Beverley hakusema ndiyo, hakusema hapana. Huyu ndiye aliyekaa na wanawe yeye Beverley alipolazwa hospitalini. Huyu ndiye mwenye ufunguo wa akiba wa nyumba yake.

Beverley aliitwa kwanza. Pazia limefunika kioo, mbele yake ukuta wa kitambaa cha kahawia, hakuna mgongo wa mtu. Nane mbili zikaenda. Glavu ya kushoto, ya kulia. Halafu kichwa kikawa cheupe kabisa. Akasimama nane nzima, mkono kiunoni, akitabasamu kama mtu aliyesahau jina la mgeni wake. Akapapasa tumboni, mkono ukakuta fundo la mshipi. Akalifungua, amechelewa, akaendelea mpaka busu la mwisho, lililofika muziki umeshakwisha.

"Mbaya," alisema mwalimu. "Mbaya kweli. Lakini hukumtazama mtu. Kaa. Lorraine!"

Lorraine akaingia kati, akatupa jicho mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Beverley alikuwa kwenye benchi, ameinama, anafunga kamba za viatu. Alifunga kiatu cha kulia, akafungua, akafunga tena. Akafunga cha kushoto. Nane ya pili haijaisha, akasikia miguu ya Lorraine inasimama, kisha fimbo ya mwalimu inagonga sakafu mara moja. Hakuinua kichwa.

"Kamba za viatu!" Lorraine alimwambia wakishuka. "Miaka kumi na minane tunasikilizana kukohoa kupitia ukutani, na wewe unafunga kamba!"

"Lorraine, ningekuonyesha leo. Jumapili je?"

"Usiniambie la Jumapili."

Jumanne ya mwisho Lorraine, sasa ndiye paka, hakucheza. Aliwekewa kiti mbele, akakaa amekunja mikono, akitazamana na wachezaji uso kwa uso, kushoto kwao kulia kwake, ili ajue wapi glavu zitaanguka. Hakumsalimu Beverley. Ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kupenda kutembea nyuma ya mwenzake alijue na hilo: siku ya kuachana, anayeachwa hukasirika, na anayeacha haoni raha.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mistari ikabadilishana, Beverley akawa mbele kabisa, taa machoni, Kayleigh na bibi yake mahali fulani gizani. Glavu ya kushoto ikaanguka. Ya kulia ikaanguka. Lorraine akatokea na masikio yake ya paka, watu wakamshangilia, akainama kuokota mbele ya miguu ya Beverley, na bila kufungua meno akanong'ona, "Sasa kulia. Kulia, mjinga wewe, unageukia kulia!"

Beverley akasita. Kwa sauti ile, kwa uhakika ule, nusu ya mwili wake ilishaanza kwenda. Akaushika mshipi, akageuka kushoto, na wenzake sita wakageuka kushoto pamoja naye.