Pampu Iliyozunguka Kinyume

Karakana ya chuo ilikuwa imepigwa deki tangu asubuhi, na mwalimu wa mitambo, ambaye wanafunzi walimwita Mama Grisi kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata, alisimama mlangoni akijifanya ametulia. Leo bodi ya chuo ingeamua kama mafunzo yake yaendelee, au wanafunzi warudishwe kwenye ubao na chaki.

Kabla yake mashine zilifunikwa turubai zisishikwe, na vijana walihitimu wakijua kuchora mota kuliko kuifungua. Yeye aliziondoa turubai. Akawapa mitambo mibovu ya kweli, na akatoa alama kwa anayetaja kosa lake kabla hajaulizwa. "Mficha uchi hazai," aliwaambia kila siku, mpaka wakawa wanamuigiza bwenini. Walimu wenzake walimcheka, eti anafundisha watu kukosea.

Mtihani wa leo ulikuwa pampu ya bweni, iliyokufa muda mrefu hata wasichana wakazoea kupanda ngazi na ndoo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wameifumua na kuisuka upya, wakiongozwa na binti mwembamba aliyeitwa Mdadisi. Jambo moja bodi haikulijua: Mdadisi alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Grisi, akila na kulala kwake. Nyumbani alimwita Shangazi; karakanani ni Mwalimu, na ole wake achanganye. Mama Grisi hakutaka isemwe anambeba mtoto wa nyumbani.

Wageni wa bodi walipokusanyika uani, Mdadisi akawasha. Mota ikanguruma, na bomba la uani likatoa maji. Wageni wakapiga makofi. Mwenyekiti wa bodi, mzee mnene asiye na haraka, akanawa mikono pale pale huku akicheka.

Mama Grisi akaitazama geji ya kupimia msukumo wa maji. Mshale ulikuwa umelala chini. Mota ilikuwa inazunguka kinyume, kosa la nyaya mbili tu, na pampu ya namna ile hata ikizunguka kinyume bado husukuma maji, ila kwa unyonge. Tangi la juu lisingepata hata tone. Waondoke tu, aliwaza, tutarekebisha wakishaenda. Akajitia hamnazo.

Mara kukawa kimya. Mdadisi alikuwa amezima.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Nimeunganisha nyaya vibaya. Mota inazunguka kinyume. Hapa chini maji yapo, lakini juu hayafiki."

Mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale wachekaji, akakohoa kwa furaha aliyoshindwa kuificha. Mdadisi hakumtazama mtu. Alifunga swichi kuu kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akapima kuhakikisha umeme umekatika, ndipo akabadilisha zile nyaya mbili na kurudisha kifuniko. Akafungua kufuli, akawasha. Mshale ukapanda. Baada ya muda tangi tupu la bweni likaanza kupiga kelele ya maji, na wasichana wakachungulia madirishani wakishangilia.

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini hakunyamaza, maana wao walishapiga makofi.

"Makofi hayapandi ghorofani, mzee."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamgeukia Mama Grisi. "Huyu umemfundisha wewe?"

Angeweza kusema ndiyo akaishia hapo. "Nimemfundisha," alisema, "lakini leo kanipita. Mimi geji niliiona nikanyamaza. Nilitaka muondoke kwanza."

Mwenyekiti akawaambia wenzake kwamba yeye hana swali: mafunzo yaendelee, na idara nyingine nazo zitoe turubai zao. Wote wakaafiki.

Hapo ile sheria yake ya karakanani ikamshinda Mama Grisi.

"Na ni mtoto wa kaka yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika uani kote. "Mniwie radhi, lakini huyu ni damu yangu."

Mdadisi alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, akikaza nati iliyoanza kuvuja kwa nguvu mpya ya maji. Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono nyuma tu.

"Mwalimu, nipe spana."

Akampa.