Kilango Chini ya Kitanda

Gari la Kasereka lilizima mahali ambapo hakuna dereva aliyetaka hata kupunguza mwendo.

Lilikohoa kwenye mpando, likakohoa tena, kisha likanyamaza. Mama Godelive, aliyeketi nyuma ukingoni mwa kitanda, aliyaona magari mengine ya msafara yakiwapita moja moja. Mengine yalipiga honi fupi, kama mtu anayeomba radhi bila kusimama. Ndivyo ilivyokuwa sheria tangu walipotoka Mahagi: askari mbele, askari nyuma, na anayezimikiwa hangojewi. Sheria nyingine haikusemwa, ila kila mtu aliijua: katika pori hili usishuke. Juma lililotangulia dereva mmoja alishuka kutazama tairi. Gari lake lilikutwa. Yeye hakukutwa.

Kando ya Godelive, binti yake Fifi alimkumbatia mtoto wake wa kwanza, mchanga ambaye shingo yake haijakaza. Godelive alikuwa amekwenda kuwachukua awalete Bunia, kwa sababu kwao mzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake, akandwe kwa maji ya moto, anywe uji, alale mpaka achoke kulala.

"Yaya, njo nini?" Fifi alimuuliza kaka yake.

"Mazutu haifike ku moteri. Inanyonya upepo," Kasereka alijibu akifunga breki. "Si kitu. Nitaingiza mukono mu kilango, tunaenda."

Gari hilo lilikuwa basi dogo kuukuu, na kwa muda mrefu ndilo lililokuwa nyumba yao. Walipokimbia kutoka mji wa Kilo walilala humo, mpaka walipopata kiwanja mtaani Ngezi, Bunia. Kasereka ndiye aliyetengeneza kitanda cha mbao na kabati la sufuria. Na kwa kuwa alichukia kulala chali barabarani, alitoboa kilango sakafuni chini ya kitanda, juu ya mpira wa mazutu, yaani dizeli, na pampu yake ndogo ya mkono. Kifuniko alikikata katika bati la pipa, bawaba zikawa vipande vya sandali, na mshikio ukawa mkanda wa mpira wa tairi. Mtu aliweza kulitibu gari akiwa ndani ya nyumba yake.

Alikuja nyuma ameinama, akainua godoro na mbao. Akabaki amesimama hivyo hivyo.

Sakafu nzima ilikuwa na tapi mpya, zulia la plastiki lenye maua mekundu, limepigwa misumari kutoka ukuta hata ukuta. Kila msumari ulipitishwa katika kifuniko cha chupa ya soda ili tapi isichanike.

"Mama," akasema polepole. "Kilango iko wapi?"

Godelive aliweka kiganja juu ya maua. "Niliifunika. Ilikuwa inagonga-gonga, nikasema itaamsha mutoto. Nikapiga misumari."

"Mpaka ku bati?"

"Imepita bati, mpaka ku mbao."

"Nyundo iko mu sanduku, inje," Kasereka alisema, akiutazama mlango.

Majani yalikuwa marefu, yameegemea barabara pande zote mbili. Fifi aliyatazama, kisha akaushusha uso wa mtoto kifuani. "Kule inatikisika," alinong'ona. "Na upepo hakuna."

Lori la mwisho lilikuja likinguruma, limejaa maharage. Guelord, jirani yao wa Ngezi, alilisimamisha sambamba na basi na kutoa kichwa.

"Kase, hii gari iko na usingizi sawa na mwenyewe?"

"Pita, Guelord. Utabakia."

"Nitapita wapi? Barabara ni kidogo."

Godelive aliitazama barabara. Malori makubwa kuliko lile yalikuwa yamepita pale punde tu. Sasa, kwa kuwa Guelord amesimama katikati, hapakuwa na nafasi hata ya pikipiki. Gari la askari wa nyuma lilifika, likazuiliwa lisiweze kuwaacha, likaanza kupiga honi kwa hasira. Guelord alizima moteri yake, akaegemeza mkono dirishani. Aliyatazama majani yaliyokuwa yakitikisika. Mkono hakuurudisha ndani.

"Minawasha gari, inakataa," aliwaambia askari.

Godelive alipiga magoti. Alikata maua yake kwa kisu cha sombe, cha kukatia majani ya muhogo, bila kuyaonea huruma, akashika kijiko cha chuma cha kupakulia, akaingiza mpini chini ya kifuniko cha chupa. Kilikuwa kimeacha mwanya mdogo. Akabinya. Msumari ukalia, ukapanda. Akahamia wa pili. Mtoto alianza kulia, Fifi akampa ziwa, na kwa kitambo hapakusikika kitu ila misumari, honi na yale majani.

Bati lilifunguka. Kasereka alizamisha mkono, akagusa mpira uliolegea. Alichana ule mkanda wa mshikio, akaufunga kwa nguvu kuuzunguka mpira huo.

"Weye pompa, mama. Mie niende ku volani," alisema, akarudi kwenye usukani.

Mkono wa Godelive uliingia mpaka begani. Upepo wa porini ulimgusa vidole kwa chini, naye akawaza kwamba mtu aliyelala katika majani angeweza kuushika mkono ule. Aliendelea kubonyeza. Pampu ilikuwa laini, laini, kisha ikaanza kuwa ngumu.

"Washa."

Likakohoa. Likanyamaza. Akabonyeza tena akiwa amefumba macho, na safari hii likashika.

Lori la Guelord nalo likawaka mara moja. Askari mmoja alimtukana, mwenzake akacheka. Godelive hakuutoa mkono shimoni mpaka walipoyaona mabati ya nyumba za kwanza za Bunia.

Walipofika Ngezi, alipika uji wa mzazi. Kikombe cha kwanza, ambacho hakuna mwingine aliyestahili kukigusa kabla ya Fifi, alikipeleka nje kwa Guelord, aliyekuwa akizunguka lori lake akipigapiga tairi zisizo na shida.

Alicheka. "Koko," alimwita kama bibi yake, "mie sikuzala."

"Kunywa," Fifi alisema kutoka mlangoni, mtoto begani. "Leo weye njo wa kwanza."

Alikishika kwa mikono miwili, akanywa chote.