Posa ya Malindi

Mzee Tobia wa Malindi, hii ya huku mlimani, si ile ya pwani, alitwambia tufike kabla jua halijawa la utosi. Mchana alikuwa na wageni wengine kutoka Magoma, nao walikuwa wanakuja kwa neno letu lilelile, kumposa binti yake Secilia. Atakayetangulia ndiye atakayesikilizwa.

Mjukuu wangu Kristian, mposaji mwenyewe, aliazima gari kwa tajiri yake. Tukapanda kutoka Mombo kwa ile barabara waliyoichonga Wajerumani ubavuni mwa mlima. Nyembamba, kona juu ya kona, huku mwamba, huku bonde. Mimi bonde sikuliogopa. Nilimwogopa mshenga wetu, shemeji yangu Mzee Clemence.

Mzee huyu ana jamaa kila mji. Na sisi Washambaa hupiti mlangoni kwa jamaa bila kuteremka, na ukiteremka utaulizwa watoto, mbuzi, migomba, kisha unaletewa chai. Pale Mombo tu alitukalisha kwa dada wa mkewe mpaka Kristian akawa anafuta kioo kisicho na vumbi. Tungemwacha vipi? Posa bila mshenga haisemwi.

Mabanda ya matunda ya Soni yalipoonekana, Clemence akashika kitasa.

"Kristian, simama kidogo. Namsalimia mkwe."

"Babu, jua!"

Nikawahi. "Shemeji, kitendawili!"

Mkono ukaachia kitasa. Hajawahi kukataa kitendawili. "Tega!"

"Napanda mlima, nashuka mlima, wala sijaondoka nilipo."

"Ukungu."

"Wapi!"

"Mbuzi wa kamba."

"Shemeji, umezeeka."

Akafumba macho kufikiri. Soni ikapita.

"Haya, nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Soni."

"Tumeshaiacha. Nipe wa mbele."

"Chukua Lushoto."

"Una baridi, siutaki."

Lushoto nayo ikapita. Mtu mmoja barazani alimpungia Clemence mkono, naye hakumwona. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbele ya gari, na kila kona miguu yangu ilikanyaga sakafu kana kwamba dereva ni mimi.

"Magamba, basi."

"Miti mingi, nitapotea."

"Mwanamke mgumu wewe! Chukua Malindi!"

Kristian akafunga breki, nusura tugonge vichwa. "Babu, toa miji yote, Malindi usitoe!"

Clemence akacheka hadi machozi. "Kumbe kijana ameungua!"

"Ni barabara, shemeji," nikamwambia. "Umeikalia tangu asubuhi."

Tulifika jua liko utosini. Mzee Tobia alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Wa Magoma wamefika Soni," akasema, akatukaribisha ndani.

Clemence akaanza habari za watoto, za ng'ombe. Nikamkanyaga mguu. Ndipo akalisema neno lililotuleta.

Mzee Tobia akamwita binti. Secilia akaja, akapiga magoti, akatuamkia mmoja mmoja.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

Hapo ndipo posa hufa au hupona. Akisema hawajui, tunanyanyuka tunarudi. Kristian alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nawajua, baba," Secilia akasema. "Hao wengine ndio siwajui."

Mzee Tobia akaguna, akatoka nje na simu yake kuwarudisha watu wa Magoma.