Leseni ya Mwikwabe Iliyobaki Bunda

Leseni ya Mwikwabe ilibaki Bunda kwenye droo ya sajenti wa trafiki, naye akarudi kwake Kigera, Musoma, mikono mitupu. Ilikuwa mwaka 1987. Bidhaa zilikuwa zimeanza kuonekana madukani, watu binafsi wananunua malori, na tajiri mwenye lori hakumsubiri dereva.

Jumamosi ya ajali, akiwa na lori la tajiri wake, alikuwa amepitia ukweni Butiama, wakamkirimu pombe ya mtama. Saa kumi jioni akaingia Bunda na shehena ya pamba, akaangusha kibanda cha Nyangi, muuza nyanya. Hakuna aliyeumia. Sajenti akamnusa mdomo, akampeleka hospitali kupimwa, kisha akaizuia leseni na kumwachia kwa dhamana hadi siku ya kesi.

Tangu hapo hakukalika. Akiketi, mguu wa kulia unakanyaga sakafu kama unatafuta breki. Mkewe Petronila akimwekea ugali na sato, anamega matonge mawili, anatoka kutazama barabara. Siku ya tatu akapanda basi hadi Bunda, akanunua fito na misumari, akamsimamishia Nyangi kibanda. Hata hilo halikumtuliza.

Florian, dereva mwenzake, akamshika bega. "Nenda polisi hapa Musoma, sema leseni imepotea. Utapewa nyingine. Hakimu akizuia ile, wewe unayo yako mfukoni."

Kesho yake Mwikwabe alikuwa mbele ya meza ya askari wa kike, mtu mzima.

"Imepotelea wapi?"

Sokoni, ndivyo alivyojipanga kusema. Badala yake akapapasa mfuko wa shati.

"Umekuwa nayo tangu lini?"

"Sabini na moja, mama."

"Na hujawahi kuipoteza?"

"Hapana. Huwaga naiweka chini ya mto nikilala."

Alipojisikia akisema hayo, aibu ikampanda hadi masikioni. "Samahani, mama," akasema, "haijapotea." Akatoka upesi, asije akaulizwa zaidi.

Mahakamani Bunda alikiri kosa. "Nililewa nikaendesha, mheshimiwa. Nifunge ukitaka, ila usiifute leseni. Kazi nyingine siijui."

"Na ungemgonga huyu mama, ungeniomba nini?" hakimu akauliza, akimwonyesha Nyangi.

Mwikwabe akainamisha kichwa. Nyangi alipoulizwa, alisema kibanda kimejengwa upya, tena kizuri kuliko cha kwanza, lakini yeye mwenyewe akisikia lori bado anashtukaga.

Hakimu akamtoza faini na kuisimamisha leseni miezi sita. Hakuifuta.

Nje, Petronila alishusha pumzi. "Miezi sita siyo mingi, baba Gati."

"Nitaimalizaje nimekaa?"

"Utalima. Ukweni wanapalilia mihogo, na mikono yako haijakatika."

Wakiwa wanangoja basi, lori alilokuwa akiendesha likapita, Florian yuko kwenye usukani. Akapunguza mwendo, akawatazama, halafu akakanyaga mafuta. Mwikwabe alilifuata kwa macho hadi kwenye kona. Basi lilikuwa halijafika. Akamwambia mkewe amlindie mzigo, akaanza kutembea, akafika mwisho wa soko, akarudi, akaenda tena.